Jicho la Kirikuu

Sura ya tano

Kirikuu ya marehemu Farhan, kigari chake cha kubebea mizigo, ilikaa peke yake kwenye yadi ya kituo cha polisi, na wala si kwamba nafasi ilikuwa tele. Pikipiki zilizokamatwa zilibanana ukutani, bajaji mbili zilipandiana migongoni, hata gari ya mkuu wa kituo ilikuwa inalala kwenye tope. Lakini kuizunguka ile kirikuu palibaki duara tupu, kama limechorwa kwa chaki. Askari waliokuwa wanaenda chooni walizungukia nyuma ya jiko la mama ntilie, mbali kweli, mvua inawapiga, ilimradi tu wasipite mbele ya kioo chake.

Inspekta Jovina alipita mbele ya kioo chake. Mwanamke mfupi wa Bukoba, amevaa koti la mvua aliloazima kwa trafiki, mikono inamfunika mpaka vidole.

"Edgar. Njoo huku."

"Naona vizuri tu kutokea hapa, afande."

Koplo Edgar alikuwa amejibanza barazani. Mtu wa miraba minne, aliyewahi kumbeba mwizi begani kutoka Tandika mpaka kituoni. Leo funguo ya gari alikuwa ameishika kwa ncha za vidole viwili kama mkia wa panya.

"Nirushie hiyo."

Jovina akaidaka, akafungua mlango, akapanda. Ndani palinuka ubani, maana ndugu walishaifukiza gari kabla polisi hawajaichukua. Kofia ya marehemu bado ilikuwa juu ya dashibodi. Akazungusha funguo. Stata ikalalamika, ikanyamaza, ikalalamika tena, ndiyo injini ikakubali. Taa za dashibodi zikazima zote.

Ikabaki moja. Ya njano, ile yenye kichoro cha injini. Cheki injini. Ikawa inamtazama.

Halafu redio ikaanza kupumua.

Shhhhhhh.

"Hiyo sasa!" Edgar akapiga kelele toka barazani. "Umeisikia? Hiyo pumzi! Mie ndo niliyeileta hii gari hapa Jumatano kutoka Mtoni, na njia nzima ilikuwa inanipumulia hivyo hivyo. Ila jicho hilo halikuwepo. Haki ya Mungu, dashibodi ilikuwa safi. Juzi nikaipeleka kwa mkaguzi, akasema breki nzima, taa nzima, gari nzima. Leo nataka kuisogeza tu isizame kwenye maji, nawasha, hiloo, limefumbuka!"

Jovina aliinama akasoma namba kwenye redio. Sabini na sita kamili. Hakugusa kitu. Akazima, akashuka, akaja barazani akikung'uta maji.

"Jalada nimepewa leo mchana," alisema. "Mwenzangu aliyekuwa nalo kasafiri. Hebu nipe toka mwanzo, kama unamsimulia mtoto."

Edgar akamsimulia. Farhan, mwenye kirikuu, alikuwa anabeba mizigo inayoshuka na mabasi kule Mbezi Luis na kuisambaza mjini. Jumatano alfajiri alirudi kwake Mtoni, akaingiza gari uchochoroni, mkia umegusa ukuta, akalala humo humo ndani ya gari vioo vimefungwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Nassibu, kijana anayemshikiaga gari siku nyingine, akamletea chupa ya chai, akaondoka. Mkewe alipotoka kumwamsha, akamkuta ameshakufa. Hana jeraha, hana alama.

"Ila midomo, afande." Edgar akashusha sauti. "Midomo ilikuwa myekundu, kama katafuna tambuu. Waosha maiti wote wameona. Mtoni nzima wanasema jini mahaba. Kambusu kaondoka naye."

"Na kesho jini mahaba ndo mnampandisha kizimbani?"

"Hapana, kesho anapanda Nassibu. Jini hana anuani. Siku moja kabla walibishana mbele za watu, na Nassibu akamwambia marehemu, utakufa na gari yako. Kesho yake mtu kafa na gari yake, na chai aliyokunywa kaleta Nassibu. Chupa iko maabara, damu walitoa hospitali kabla ya kuzikwa. Majibu bado, lakini bosi anasema hatuwezi kukaa naye zaidi. Kesho asubuhi anasomewa mauaji."

Mauaji hayana dhamana. Kijana akishasomewa hayo, atakaa gerezani miaka mingapi sijui akisubiri majaji wavae majoho. Wote wawili walilijua hilo, na wa tatu alilijua zaidi: mwanamke mtu mzima aliyekaa kwenye benchi mwisho wa baraza na hotipoti mapajani, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Shikamoo mama," Jovina akasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndo mkubwa wao sasa?"

"Kwa leo."

"Mie Tunu, mama yake Nassibu. Chakula cha mchana wamekataa kukipokea. Wanasema nisije na mie nikamtilia mtu sumu." Akacheka kidogo, cheko la kuomba radhi. "Nionje mbele yenu? Naonja."

"Mama, kaa nacho. Atakula."

Nassibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku, amejishika suruali kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Alikuwa mwembamba, macho yamevimba.

"Ulimwambia Farhan atakufa na gari yake?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Afande, mie nishaeleza humu mara ngapi mpaka sauti inakwisha. Wanaandika neno moja tu."

"Mie sijaandika. Peni iko pale."

Nassibu akaitazama peni, kisha akamtazama yeye.

"Ile gari ina kitu," akasema. "Mie nilikuwa mzima, wewe niulizie Tandika, mie mtu wa kucheka. Nikiendesha ile gari, kichwa hiki hapa kinagonga. Dum, dum. Natapika. Nikishuka nikakaa kijiweni, naona dunia inarudi. Nikipanda tena, kinaanza. Nikamwambia Farhan, braza, gari ina mkosi hii, tafuta mtu aisomee. Akanicheka. Akasema mie mvivu. Ndo nikamwambia basi, utakufa na gari yako. Kwa hasira. Mie mwenyewe nilikuwa namaanisha jini!"

"Toka zamani ilikuwa inakuumiza kichwa?"

"Zamani wapi! Mwaka mzima nimeendesha, hamna kitu. Imeanza hivi karibuni, toka atengeneze mwenyewe."

"Atengeneze nini?"

"Sijui. Ilikuwa haina nguvu, mlimani inagoma. Nikaja nikakuta ina nguvu, inanguruma kama simba. Nikamuuliza fundi nani, akasema fundi mie. Nyumbani kwake huko huko."

"Vioo ulikuwa unafunga?"

"Mvua hii, afande, nani anaacha wazi?"

"Na alfajiri ile, ulipomletea chai, injini ilikuwa inanguruma au imezimwa?"

"Inanguruma. Akiizima haiwaki kirahisi, stata imechoka, saa nyingine mpaka usukume. Akaniambia anajilaza kidogo tu halafu anarudi Mbezi. Akashusha kioo kidogo, akapokea chupa, akapandisha." Nassibu akaivuta suruali juu. "Alinuka moshi. Nikajua mishikaki."

Jovina akasimama.

"Edgar! Mletee huyu chakula cha mama yake. Halafu tafuta tambara, lilowanishe."

"Tambara la nini tena?"

"La kumziba jini mdomo."

Alitandika gunia kwenye tope, akalala chali chini ya kirikuu na tochi. Edgar alikuwa amesimama kwenye mpaka wa lile duara.

"Panda, washa, funga vioo," Jovina akamwambia kutoka chini.

"Mie?"

"Unamwona mwingine?"

"Afande, nina mke."

"Kichwa kikianza kukuuma toka. Usijifanye mwanaume."

Edgar akasoma kitu kwa Kilatini alichokaririshwa utotoni, akapanda. Injini ikawaka, redio ikaanza kupumua. Jovina akasogea nyuma, akashindilia lile tambara kwenye mdomo wa eksozi, akalikandamiza kwa buti. Moshi uliokosa njia ya kutokea mkiani ukatafuta pengine. Ukatafuta, ukapata: katikati ya bomba, chini kabisa ya kiti cha dereva, kukasikika mluzi.

Akamulika.

Pale panapotakiwa kuwa na lile kopo nene linalobeba masega ya kuchuja moshi, palikuwa na kopo limechanwa kwa nondo, halafu likafungwa kwa bati jembamba na waya wa kufungia uzio. Bati lilikuwa limeungua, limeachia upande mmoja, na kila injini ikivuta pumzi lilikuwa linafunguka na kufunga kama shavu la samaki. Jovina akafuta masizi kwa kidole. Kutoka kwenye weusi akatokea twiga. Twiga mdogo wa kuchorwa, amevaa tai, anatabasamu.

Juu kidogo ya twiga, sakafu ya gari ilikuwa na kutu, na kwenye kutu kulikuwa na tundu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Edgar akatoka anakohoa, machozi yanamtiririka.

"Unatoka chini ya kiti! Nimeuona, afande, unapanda hivi, kama mtu!"

"Kaa chini. Vuta hewa."

"Kichwa..."

"Kitapona. Cha Nassibu kilikuwa kinapona." Jovina akajitoa chini ya gari, tope mpaka kwenye nywele. "Mie nimewahi kufanya kazi Njombe. Kule baridi. Watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga madirisha, asubuhi sie tunawatoa. Midomo myekundu hivyo hivyo. Huyo jini mahaba wenu nishakutana naye, anakaaga kwenye moshi. Piga simu maabara, waambie damu ya Farhan waipime moshi, wasihangaikie sumu peke yake."

Edgar akajifuta macho. Akafikiri. Alikuwa mwoga wa majini tu, si mjinga.

"Bosi atakataa," akasema. "Atasema tundu limetobolewa hapa hapa yadini. Mkaguzi juzi kasema gari nzima. Taa haikuwaka."

"Na kwa nini haikuwaka?"

"Sijui."

"Redio inajua. Hizi redio za Kijapani ukiichomolea gari betri zinasahau kila kitu, zinarudi chini kabisa, sabini na sita, ambako Dar hii hamna stesheni hata moja. Zinabaki kukoroma. Na ukichomoa betri, taa ya cheki injini nayo inasahau. Inazima. Lakini bomba halijapona, kwa hiyo ukizunguka nayo siku mbili tatu, inakumbuka." Akaitazama ile gari. "Kuna mtu aliifumba, Edgar. Aliyeifumba ndiye anayejua ilianza kuwaka lini. Namtaka huyo leo."

Nyumbani kwa marehemu, Mtoni, turubai la msiba lilikuwa bado limefungwa, limejaa maji katikati kama tumbo. Viti vya plastiki vimekaliwa na wanaume wachache. Mdogo wake Farhan, anaitwa Talha, akainuka kuwapokea. Kanzu nyeupe, tasbihi mkononi.

"Poleni na msiba," Jovina akasema.

"Tushapoa. Karibuni. Lakini kama ni maelezo, nilishatoa yote."

"Moja tu. Baada ya kaka yako kufa, nani aligusa gari?"

"Hakuna. Mie tu. Jeneza lilikuwa halipiti uchochoroni, nikaitoa nikaiweka pale barabarani, tukaifukiza ubani." Akazungusha tasbihi. "Nilivyowasha tu, redio ikaanza na kaswida. Stesheni yake hiyo. Alikuwa mtu wa dini, Inspekta. Hata gari yake ilikuwa inamlilia."

Edgar na Jovina wakatazamana.

"Kaswida," Jovina akarudia. "Una uhakika?"

"Nilisimama nikalia pale pale. Muulize yeyote."

"Halafu?"

"Tukaenda kuzika."

"Nassibu alikuwepo?"

"Alibeba jeneza, hana haya. Tumerudi tu, polisi wakamchukua yeye na gari."

"Mie nilikuwepo," Edgar akadakia. "Tulikuja mmesharudi makaburini, nikaiwasha, ikapumua."

Kwa hiyo jeneza linatoka, redio inaimba. Mtu ameshazikwa, redio inakoroma.

"Walioenda makaburini ni akina nani?" Jovina akauliza.

"Wanaume wote. Mtaa mzima. Hapa hakubaki mwanaume hata wa dawa."

Jovina akageuka taratibu akautazama mlango wa nyumba. Nyuma ya pazia, sauti za wanawake zilikuwa zinashuka na kupanda kwenye nyiradi.

"Mjane nani alimhoji?"

"Nilimsemea mie. Yuko edani, haongei na wanaume wa nje. Askari wenyewe walielewa."

"Wewe ulimuuliza nini?"

"Kama mumewe ana adui. Akasema hajui."

"Hilo tu?"

"Sasa aulizwe nini kingine?" Talha akajibu, na hakukuwa na ubaya kwenye sauti yake. "Mwanamke wa ndani, Inspekta. Mambo ya gari atayajulia wapi?"

Jovina akavua buti.

Farida, yule mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, nguo nyeupe tupu, hana hina wala hereni. Alikuwa mdogo kuliko alivyotegemewa. Mtoto mchanga amelala pembeni yake chini ya chandarua. Wanawake watu wazima wawili wakasogea kumpisha mgeni, mmoja akamletea chai.

"Sukari hiyo hapo, mwanangu. Ujitilie mwenyewe."

Sukari ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Jovina akalishika ili achote, asichote. Akaligeuza. Twiga mdogo amevaa tai, safi, rangi zote ziko sawa, akamtabasamia.

"Makopo hayo yamejaa nyumba hii," Farida akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo, na sauti ilikwaruza. "Mtoto hanyonyi vizuri. Mengine natilia chumvi, mengine nimepandia mrehani. Jingine alilichukua Farhan."

"La gari?"

Farida akainua macho.

"Umejuaje?"

"Nimelala chini ya gari leo. Nieleze, dada. Polepole."

"Si siri. Gari ilikuwa haipandi mlima. Wakamwambia masega yameziba. Akasema kwa fundi anapoteza siku nzima bure, tunatengeneza wenyewe. Akalala chini pale uchochoroni, akayatoboa kwa nondo, yakamwagika kama mchanga. Halafu pakavuja. Akasema Farida, niletee bati. Nikamletea kopo. Nililikata mie, kwa mkasi wa samaki, maana mikono yake ilikuwa na grisi. Na tochi nilishika mie." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayekumbuka kitu kizuri. "Alinisifu. Akasema fundi Farida."

"Na taa?"

"Ile ya njano? Ilianza kesho yake. Alikuwa anaichukia! Anasema kama mama mkwe, haisemi kitu, inakutazama tu. Ananiitaga mlangoni: Farida, njoo unifumbie jicho hilo. Mie ndo nilikuwa nafungua waya wa betri. Nahesabu mpaka anamaliza chai yake, naurudisha. Limelala. Likikaa siku kidogo linafumbuka, nalifumba tena. Redio nayo inapotea, akikaa tu anaanza kuitafuta stesheni yake, huku ananilalamikia."

Akaingiza mkono chini ya godoro la mtoto, akatoa spana ndogo. Namba kumi. Imefungwa kipande cha kanga kwenye mpini ili isimuumize.

"Ni yangu," akasema. "Alinipa."

Mmoja wa wale wanawake akaanza kulia kimya kimya.

"Siku ya mazishi," Jovina akasema, "wanaume walipoondoka."

"Nilitoka." Farida akamtazama yule mama mtu mzima, kama anaomba asigombezwe. "Najua haifai. Gari ilikuwa pale tu barabarani, karibu na mlango, mtaa hauna mtu. Nilitaka kukaa alipokaa. Nikawasha nisikie redio yake. Ikawaka. Ile taa." Akarekebisha chandarua cha mtoto. "Asubuhi nilipomkuta nikaizima injini, macho yake yalikuwa wazi. Nilimfumba mie, kwa mkono huu. Mchana naingia kwenye gari, jicho bado liko wazi linaniangalia. Nikasema huyu hajapumzika. Nikachukua spana nikamfumba na hilo."

"Na stesheni?"

"Ikapotea. Safari hii hakuna wa kuitafuta."

Nje maji ya turubai yakamwagika yote kwa pamoja, wanaume wakapiga kelele, kisha pakatulia. Jovina alikuwa bado ameshika lile kopo. Farida akaliona.

"Mbona umelishika hivyo?"

Jovina akaliweka chini. Alikuwa ameshawahi kuwaambia watu mambo mabaya, na hakuna siku aliyoona njia ya mkato.

"Lile bati liliachia," akasema. "Liliungua, likafunguka. Sakafu ina tundu chini ya kiti chake. Moshi wa injini ulikuwa unaingia ndani, na masega ya kuuchuja hayapo tena. Hauonekani sana, haukeri sana. Unalewesha usingizi. Nassibu ulimpiga kichwa, akadhani jini. Farhan alilala nao, vioo vimefungwa, injini inanguruma."

Farida alikuwa anaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo chai haina kitu," akasema mwishowe.

"Maabara watathibitisha. Mie siamini kama ina kitu."

"Na hilo jicho lilikuwa linasema hivyo siku zote."

"Lilikuwa linasema bomba halijapona. Halikusema mtu atakufa. Nyie hamkujua."

"Shemeji!" Sauti ya Talha ikatoka nyuma ya pazia, karibu kabisa. Alikuwa amesikia. "Shemeji, usiongee zaidi. Watu hawaelewi mambo hayo. Kesho watasema umemuua mumeo kwa mkono wako. Mwanao atakua anaambiwa hivyo. Acha ibaki ilivyo."

"Ilivyo ni vipi, Talha?" Farida akauliza.

Akamgeukia mgeni.

"Wanasema nini kuhusu Nassibu?" akamuuliza Jovina.

"Kesho asubuhi anasomewa mauaji. Akishasomewa, hatoki. Mama yake amekaa kituoni na hotipoti."

"Bi Tunu?" Farida akafumba macho. "Bi Tunu ndo aliyenikanda nilipojifungua." Akaendelea hivyo hivyo, macho yamefumbwa. "Mie nilikuwa nasema, kama si Nassibu basi ni jini. Nilikuwa naombea jini. Usiku nalala, nasema ewe Mola, na iwe jini." Akafumbua. "Mnahitaji nini?"

"Maelezo yako. Kwa mdomo wako, si wa mtu. Bati lilifungwa lini, taa ilianza lini, nani aliizima na kwa nini. Nikiyapata hayo na majibu ya damu, kesho hapandi mtu kizimbani."

"Shemeji," Talha akasema tena, safari hii kama anaomba.

"Nimekusikia, shemeji. Ahsante." Farida akajifunga mtandio vizuri, akakaa wima. "Andika, afande. Anza na kopo."

Jovina aliandika. Farida alisema yote bila kulia, akarudia alipoombwa arudie, akasahihisha palipokosewa: nondo, si patasi, mkasi wa samaki, si kisu. Alipomaliza akasomewa, akatia sahihi ya mviringo, ya mtoto wa shule. Jovina akatoka mpaka mlangoni, akaita.

"Edgar! Piga kituoni. Nassibu atolewe mahabusu, akae benchi moja na mama yake. Nakuja kumwachia mwenyewe kwa dhamana. Bosi akiuliza, mwambie nimempata aliyelifumba."

"Nani, afande?"

"Mwambie fundi wa gari."

Alirudi ndani kuchukua kalamu aliyoisahau, na kuaga. Farida alikuwa amemweka mtoto begani, anampigapiga mgongo. Ile spana ilikuwa imelala juu ya mkeka, peke yake, upande wa mgeni.

"Ichukueni na hiyo," akasema. "Itakuwa kidhibiti, si ndo mnavyoitaga?"

"Ndiyo. Utarudishiwa."

"Hapana." Akaendelea kumpiga mtoto mgongo, taratibu, hatazami mtu. "Ile taa, mkiiwasha gari, itawaka tena?"

"Itawaka mpaka bomba litengenezwe."

"Basi waambieni askari wenu mtu asiifumbe. Iacheni iangalie."